Kifuniko cha Sanduku la Maharagi

Prefe, mkuu wa shule yetu, alipofunua kifuniko mara ya tatu, nilimshika mkono. Sikumvuta shati wala sikumgusa bega kama mtu anayeomba. Nilimshika kifundo cha mkono na kukibana, mbele ya juri ya waamuzi, mbele ya shule zote zilizokuja kwenye mashindano, huku mvuke wa maharagi yangu ukipanda kati ya uso wake na uso wangu.

"Achia," nilimwambia.

Aliuangalia ule mkono kama si wake. "Unajua uko umeshika nani?"

"Najua. Nimeshika mutu anayemwaga moto wangu."

Kwetu mwanafunzi hamshiki prefe. Hata mzazi aliyekuja kugombana anasimama mbali na meza na kuanza na "Bwana prefe, samahani." Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa pembeni ananikonyeza niachie. Sikuachia. Kwa mkono wa kushoto nilirudisha kifuniko mahali pake, nikakikandamiza, ndipo nikamfungulia prefe vidole vyangu. Alama zilibaki kwenye ngozi yake. Nimesikia wanafunzi wanasimulia kwamba siku ile nilipandwa na wazimu, na wengine wanasema nilikuwa nimekunywa. Sikuwa nimekunywa hata maji. Ndiyo sababu naandika mambo haya jinsi yalivyokwenda.

Mimi ni mama. Mlima wa volkano wa Goma ulipotapika nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tano na tumbo langu lilikuwa limeshafika mbele yangu. Tulikimbia kwa miguu mpaka Sake, mimi na baba wa mtoto na mama yake, pamoja na mji mzima uliokuwa unatembea na matela za kulalia kichwani. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, lakini siku ile haikuwa na mafuta, aliisukuma njia nzima kwa sababu haikuwa yake. Sake tulilala ndani ya darasa la shule na familia nyingine nyingi, tukichota maji ziwani pale pale walipokuwa wanaoga na kufua. Watu wakaanza kuharisha. Baba wa mtoto aliharisha asubuhi, kesho yake hakuweza kusimama, na kabla wiki haijaisha tulimzika huko huko. Mganga wa kituo cha afya alisema ni kipindupindu. Alisema mbele ya watu, kwa sauti.

Mama mkwe wangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani alikuwa anamupikia?"

Nilikuwa nampikia mimi. Nilikuwa nawapikia wote, yeye mwenyewe mama mkwe alikula kutoka sufuria ile ile. Haikusaidia. Swali likishaulizwa kwa namna hiyo linatembea lenyewe. Tuliporudi Goma lilikuwa limeshatangulia.

Mtu asiyeishi kwetu itabidi nimweleze. Kivu watu wanaogopa karuho, yaani sumu ya kutiwa kwenye chakula ao kinywaji kidogo kidogo, na mtu anaisha taratibu bila kuonyesha jeraha. Sijui kama iko ao haiko. Ninachojua ni kwamba hakuna mtu mwenye akili mjini mwetu anayekunywa soda isiyofunguliwa mbele ya macho yake. Ukimkaribisha mgeni, unakunywa kwanza wewe, kisha unamjazia. Kwenye harusi mtu anabeba chupa yake mpaka chooni. Simcheki mtu kwa hilo. Mimi mwenyewe nikiacha kikombe mezani nikatoka, nikirudi namwaga. Nimelelewa hivyo na namlea mwanangu hivyo.

Mwanangu alipoanza kula uji, nilirudi shuleni. Mama yangu mzazi alibaki naye kwetu Keshero. Prefe alinipokea, akasema ni kwa huruma yake, na hiyo huruma alinikumbusha kila alipopita karibu na benchi langu. Wanafunzi waliniita "mama mutoto". Sikujali sana. Walikuwa watoto.

Mwaka ule waasi walikuwa wameshika njia ya Rutshuru. Makala, yaani mkaa wa kupikia, hayakushuka tena kama zamani. Yaliyopita yalipita kwa kujificha, na bei yake ilitegemea mwenye kuuza ameamkaje. Wakimbizi walijaa Kanyaruchinya, pembeni ya mji, nao pia walitafuta cha kupikia. Mama yangu aliacha kupika maharagi, maana maharagi yanakula makala kuliko kitu chochote, na nyumba isiyo na maharagi ni nyumba ya kusikia njaa hata baada ya kula. Tulikula bukari na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, sombe na bukari, mpaka mtoto akaanza kugeuza uso akiona kijani.

Basi mwalimu wa fizikia alipotangaza mashindano ya wanafunzi, chombo cha kuhifadhi joto ao baridi bila umeme na bila moto, sikufikiria sayansi. Nilifikiria maharagi. Kisha akataja zawadi. Kulikuwa na muzee mmoja, mfanyabiashara wa Birere, mtu wa familia za Kiislamu zilizotoka Maniema zamani, aliyejitolea kumlipia mshindi mwaka wa sita wote. Mwaka wa sita ndio wa kufanya mtihani wa Serikali na kupata diploma. Mwaka wa tano mama yangu aliweza kuusukuma kwa kuuza nyanya. Wa sita alikuwa amekwisha kuniambia hawezi, na alilia akiniambia, nami sikumlaumu. Nikishinda, namaliza shule. Nisiposhinda, nakaa kwenye nyanya pamoja naye. Hakukuwa na njia ya katikati.

Sanduku la kwanza nililijaza mawe ya volkano. Msicheke. Kila mtu wa Goma aliona lava ilivyokaa na moto. Wiki nyingi baada ya mlima kunyamaza, ukisimama juu ya lile jiwe jeusi miguu ilisikia joto, na mvua ikinyesha lilitoa moshi. Nikajiambia: hili ndilo jiwe linalojua kutunza moto. Niliokota vipande vya lile jiwe jeusi, nikajaza kati ya ubao wa nje na ubao wa ndani, nikatia sufuria ya maji yaliyochemka. Nilipofungua, maji yalikuwa vuguvugu, na sanduku lilikuwa zito hata watu wawili walishindwa kulinyanyua.

Mwalimu wa fizikia alicheka mpaka akavua miwani. "Mama mutoto, hii jiwe yako haikutunza moto. Iliukula. Lava ilikaa na moto kwa sababu ilikuwa nyingi sana, na ngozi yake ya juu ilifunika ile ya ndani. Wewe tafuta ngozi. Tafuta kitu chenye hewa ndani yake, hewa isiyotembea."

Nikaenda Birere kwa mafundi wa kushona. Chini ya kila cherehani kuna mlima wa vipande vya vikwembe, yaani vitenge, visivyofaa kitu. Mafundi waliniachia nibebe, ila mmoja aliuliza nikifika nyumbani nitashona gauni la panya. Nilivikata vidogo vidogo, nikavichanganya na sponji ya matela iliyokufa, nikajaza kuta zote nne, chini, na kifuniko. Kifuniko nilikitengeneza kinene kuliko vyote, kwa sababu mvuke unapanda. Ndani nikabandika karatasi za kung'aa za pakiti za biskuti. Sanduku likawa na tumbo pande zote. Darasani wakasema, "Limeshika mimba kama mwenyewe." Hata mimi nilicheka hapo.

Tulijaribu nyumbani siku ya Jumamosi. Nilichemsha maharagi kwa nguvu kwenye mbabula, jiko letu la makala, kitambo tu, nikayatia sandukuni yakiwa bado yanaruka, nikafunga, tukaenda wote sokoni. Jioni nilipofungua, mvuke ulinipiga usoni. Haragi lilipasuka kwa ulimi tu. Nilipakua sahani, nikampa mama yangu.

Hakuipokea. Aliangalia sanduku, akaangalia mlango.

"Nani alikuwa huku mchana?"

"Hakuna, mama. Tulifunga."

"Chakula kimekaa siku nzima na hakuna mutu alikuwa anakiangalia."

Mama yangu mzazi, aliyenizaa. Nilikula kijiko kwanza mimi, nikangoja, nikampa mtoto, ndipo yeye akacheka kwa aibu na kula sahani mbili. Lakini nilibaki nafikiria. Sanduku langu lilikuwa na kazi moja, kukaa limefungwa. Na Goma hakuna anayekula kutoka kitu kilichokaa kimefungwa.

Kwa hiyo nilitafuta dawa ya hilo mapema, siyo kwamba sikuwaza. Nilimwambia mwalimu: siku ya mashindano nitaonja mbele ya juri kabla ya kufunga. Kisha tutazungushia skochi, ule utepe wa kubandika, na mmoja wa juri atie sahihi juu ya skochi. Hapo hakuna atakayesema kitu kiliingia. Mwalimu alisema wazo ni zuri, akalipeleka kwa prefe, akarudi akaniambia, "Prefe ameitika. Ni sheria sasa. Halitafunguliwa mpaka saa ya kuonja."

Siku chache kabla, tulipeleka vyombo kwenye depo, stoo ya shule. Nilipoenda kuangalia sanduku langu nilikuta sufuria inanukia sabuni. Mimi niliileta safi. Mtu alikuwa ameiosha tena, na hakuiosha mara moja, iling'aa mpaka chini. Nilimwuliza mzamu, yule mzee anayelinda lango.

"Niliambiwa niioshe sana," alisema.

"Nani alikuambia?"

Alianza kutafuta funguo zake ambazo zilikuwa mkononi.

"Papa, nani?"

"Mutoto, mi naoshaka tu. Hata vikombe vya ofisi ni mimi naosha."

Toka siku hiyo sikumwamini mtu. Nilimshuku mwenzangu wa benchi kwa sababu aliuliza mara nyingi ninatia nini kwenye maharagi. Alikuwa anataka kujua tu kama natia kitunguu. Nilimshuku mwalimu wa fizikia kwa sababu aliacha kunitania. Nilishuku hata wale wavulana wa shule nyingine walioleta sanduku la barafu, walipouliza sufuria yangu inaingia lita ngapi. Nilikuwa nimekuwa kama mama mkwe wangu, nauliza tu nani aligusa nini.

Siku yenyewe ukumbi ulikuwa Himbi, ukumbi mzuri wenye vioo, viti vya plastiki vyeupe, na mabomu yanasikika mbali upande wa kaskazini kama mtu anayepiga mlango wa nyumba ya tatu. Watu walikuwa wameshazoea. Juri walikaa mbele, muzee wa Birere katikati na kofia yake ya kushona. Nilichemsha maharagi nje kwenye mbabula, nikaingiza sufuria, nikaonja kijiko kizima mbele yao. Yalikuwa bado magumu. Nikafunga, nikazungusha skochi. Muzee alisimama mwenyewe akatia sahihi juu yake kwa kalamu nyekundu.

"Nimefunga na mimi," alisema. "Sasa tungoje."

Nilikaa kando ya sanduku. Kwa mara ya kwanza toka depo nilipumua.

Halafu prefe akaja na wembe. Alikata skochi juu ya ile sahihi nyekundu, akafungua, akanyoosha kijiko kwangu. "Onja."

"Bwana prefe, tulisema halifunguliwi."

"Juri inataka kuona. Onja tu."

Nilionja. Mvuke ulitoka, nikafunga. Nilimtafuta mwalimu wa fizikia kwa macho, alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilijiambia labda kweli ni juri. Baadaye kidogo prefe akarudi. Safari hii alilifungua akaacha kifuniko kimeegemea mguu wa meza, akainama, akakoroga maharagi yangu mpaka chini kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. "Onja tena. Kula vizuri, umeze." Watu wa karibu walikuwa wamesogea kutazama ninavyomeza. Msichana mmoja alisema nyuma yangu, taratibu lakini si taratibu ya kutosha, "Huyu ndiye wa Sake."

Hapo nilielewa ni nani aliyeoshesha sufuria.

Mara ya tatu mnajua.

Jioni maharagi yalikuwa kama mawe ya volkano. Juri walitafuna moja moja kwa heshima. Sanduku la barafu lilishinda. Halikufunguliwa hata mara moja siku nzima, maana barafu hailiwi. Wale wavulana walifanya kazi nzuri na sina neno nao. Mmoja alikuja kunipa mkono, akasema, "Dada, yako ilikuwa itupite."

Nilimfuata muzee wa Birere mpaka kwenye gari lake. Dereva alitaka kunizuia, muzee akamwambia aache.

"Papa, ni wewe uliomba wafungue?"

"Mimi? Binti yangu, nilitia sahihi yangu pale. Unafikiri naandikaka jina langu kusudi wakate na wembe?"

"Sasa nani?"

Alivua kofia, akaifuta vumbi lisilokuwepo. "Prefe wako alikuja kwangu asubuhi. Akasema kwako kuko historia. Akasema ni vizuri uonje onje mbele ya watu, ndio sisi wote tukae na roho ya kutulia."

"Alikuambia historia gani?"

"Alisema tu kuko historia. Hakusema."

"Na kama yangeiva, papa, ungekula?"

Aliikunja kofia, akaikunjua. Nilimheshimu kwa kuchelewa huko, maana wengine wangejibu upesi. "Kabla ya yeye kuniambia, ningekula na ningeomba ingine. Baada ya kuniambia, kwa ukweli, sijue."

Jumatatu prefe aliniita ofisini. Mkono wake aliuweka juu ya meza, mahali nilipoushika, ili niuone. Hakukuwa na kitu tena pale.

"Utaandika barua ya kuomba radhi," alisema. "Mbele ya juri, mbele ya shule za watu. Usipoandika, usirudi."

"Bwana prefe, sumu yangu ulikuwa unaitafuta chini ya sufuria ao katikati?"

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonishangaza. Alisogeza kiti na kuongea kama baba. "Sikiliza. Mji huu unaujua. Mutu mumoja angeumwa tumbo jioni ile, hata kwa mambo yake mengine, wangekuja kwenu Keshero na petroli. Mimi nilikulinda. Kila mutu alikuona unakula."

"Ulinilinda na wembe."

"Nilikulinda na macho ya watu."

Nimeyageuza maneno yake mara nyingi toka siku ile. Inawezekana aliyaamini. Watu wamechomwa hapa kwa kidogo kuliko hicho. Lakini kabla ya wembe wake, nusu ya ukumbi ule haikunijua. Baada ya wembe wake, wote wananijua, na wananijua kwa Sake. Kama alitaka kunilinda, sheria ya kuonja kabla ya kufunga ilikuwepo, mimi ndiye niliyeileta, na yeye ndiye aliyeitika. Alichokifanya ni kunishtaki bila kutaja shitaka, kisha kuninyima mwaka wa sita kwa kosa alilolitafuta na kijiko akalikosa.

Nyumbani mama yangu alinisikiliza huku anapanga nyanya. "Andika radhi, mwanangu. Mistari mitatu. Urudi shuleni, mambo yapite."

"Yatapita wapi, mama?"

"Yatapita tu."

"Ya Sake hayajapita."

Aliacha nyanya. Alimchukua mtoto mgongoni na kumtoa nje ili nipate meza.

Niliandika asubuhi nzima. Ya kwanza ilikuwa matusi, nikaichana. Ya pili ndiyo niliyoipeleka kwenye ofisi ya elimu ya mji. Karani aliichukua, akaangalia nguo yangu na mtoto mgongoni.

"Mama, hii ni lalamiko ya mwanafunzi. Mwanafunzi iko wapi?"

"Ni mimi."

"Na huyu?"

"Huyu ni mtoto wa mwanafunzi."

Alicheka kidogo, akasoma mstari wa kwanza, akaacha kucheka. Aliniambia niiache, wataangalia. Nilimwambia sitoki bila muhuri kwenye kopi yangu. Aliutafuta muhuri kwa muda mrefu, nami nilisimama muda huo wote. Aligonga. Nilichoandika ni hiki.

"Mimi mwanafunzi wa mwaka wa tano, mama wa mtoto mmoja, ninamshtaki prefe wa shule yangu. Siku ya mashindano alikata skochi yenye sahihi ya juri bila ruhusa ya juri, akafungua sanduku langu mara tatu wakati sheria aliyoikubali mwenyewe ilisema lisifunguliwe. Maharagi hayakuiva kwa sababu hiyo na si kwa sababu nyingine. Kabla ya hapo alimwambia mtoa zawadi kwamba mimi nina historia. Ninaomba aiandike hiyo historia na atie jina lake chini. Akishindwa kuiandika, aseme mbele ya shule zilezile kwamba haipo. Nilimshika mkono, ni kweli, na sitaomba radhi kwa hilo kabla ya yeye kujibu haya. Ninaomba jaribio lirudiwe katika ukumbi uleule, kwa sanduku lile lile, likifungwa asubuhi na kufunguliwa jioni. Bwana prefe apewe kiti karibu nalo akae siku nzima akiliangalia. Wa kwanza kuonja nitakuwa mimi, mara moja tu, kabla ya kufunga. Jioni, wa kwanza kula awe yeye."